Mjane, Meya na Mangwe: Sinema ya 1931 Ikitazamwa Kutoka Nakuru

Meya yuko jukwaani. Kura zimekaribia, ukumbi umejaa, na yeye anamwaga ahadi kwa ile sauti ya kiongozi ambaye hajaulizwa swali kwa muda mrefu. Miongoni mwa wasikilizaji yuko mjane mmoja, Bi Hattie Burns, mama wa makamo mwenye mwili mkubwa na uso usioweza kuficha neno. Msichana wa pale mjini ameuawa nje ya baa ya siri, na wauza pombe wanaendelea na biashara kama kawaida. Bi Hattie anainuka kutaka kujua serikali ya mji ina mpango gani. Wanaume wanaguna, wanawake wanapiga makofi, na mambo yanakwenda mbio: mama aliyekuja kusikiliza anatoka pale akiwa mgombea wa umeya.

Ndivyo inavyoanza Politics, filamu ya vichekesho ambayo kampuni ya MGM ya Marekani iliitoa mwaka 1931 chini ya mwelekezi Charles Reisner. Wakati huo sauti katika sinema ilikuwa na miaka michache tu tangu The Jazz Singer ya 1927, na watu walikuwa bado wanalipa kiingilio ili wasikie watu wa kwenye picha wakizungumza. Bi Hattie aliigizwa na Marie Dressler, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa amepita umri wa miaka 60. Novemba mwaka huohuo alitunukiwa Oscar kwa filamu nyingine, Min and Bill. Shoga yake wa chanda na pete, Ivy Higgins, ni Polly Moran. Wawili hawa walifanya mfululizo wa vichekesho, na Politics ni mmojawapo uliosahauliwa. Wapenzi wa sinema za kale wanakumbuka vitu vingine vya Dressler, hiki wanakiruka.

Mimi nisingekiruka. Nimekitazama nikiwa mkazi wa Nakuru, na huku kwetu mzaha wake mkuu umepoteza makali kwa namna inayofurahisha. Mzaha wenyewe ni huu: hebu fikiria, mwanamke awe mkuu wa mji! Watazamaji wa 1931 walitakiwa kuvunjika mbavu. Mtazamaji wa Nakuru anasubiri kichekesho kianze.

Tuanze na orodha, kwa sababu orodha yenyewe ni habari. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 Kaunti ya Nakuru ilimchagua Susan Kihika kuwa gavana na Tabitha Karanja kuwa seneta. Kiti cha mwakilishi wa wanawake, ambacho kwa sheria hakiwezi kwenda kwa mwanamume, alikihifadhi Liza Chelule. Kati ya maeneobunge 11, manne yalikwenda kwa wanawake: Jayne Kihara Naivasha, Martha Wangari Gilgil, Charity Kathambi Njoro na Irene Njoki Bahati. Nchi nzima ilipata magavana wanawake 7 mwaka huo, kutoka 3 mwaka 2017. Mmoja wa wale watatu wa kwanza alitoka papa hapa Bonde la Ufa, hayati Joyce Laboso wa Bomet, aliyefariki Julai 2019.

Nimetaja Njoro, na siwezi kupita bila kutaja kasri la mlowezi Lord Egerton lililo upande huo. Waelekezi wa watalii wana simulizi yao: kwamba mwenyewe, baada ya kukataliwa na mchumba, alipiga marufuku wanawake wasikanyage mahali pake. Egerton alifariki mwaka 1958. Siku hizi kasri liko chini ya chuo kikuu kinachobeba jina lake, maharusi wanapiga picha kwenye ngazi zake, na mbunge wa Njoro ni mama. Mtunzi wa vichekesho angeandika hivyo, mhariri wake angemwambia amezidisha.

Turudi kwa Bi Hattie. Silaha yake kuu ya kampeni ni mgomo. Wanaume wa mji wanapomcheka, anawaambia wake zao waweke kila kitu chini: jiko, sebule, na hata chumba cha kulala. Wanaume wanabaki na masufuria yaliyoungua na mashati yasiyofuliwa. Mume wa Ivy, aliyeigizwa na Roscoe Ates, ana kigugumizi, na filamu inakikamua kigugumizi hicho mpaka mtu unaona haya kwa niaba yao; hiyo ni sehemu iliyozeeka vibaya. Lakini mgomo wenyewe hauzeeki. Mgiriki Aristophanes aliutungia tamthilia miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita, na Wakenya walioufuatilia wangali hai. Mwishoni mwa Aprili 2009, Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga wakiwa wanavutana ndani ya serikali ya muungano, mashirika ya wanawake yaliyojiita G10, Maendeleo ya Wanawake yakiwemo, yalitangaza wiki moja ya kuwanyima waume unyumba mpaka wakubwa wapatane. Wake wa wakubwa hao wawili nao waliombwa waunge mkono. Vyombo vya habari vya ulimwengu viliripoti, na bwana mmoja alikwenda mahakamani kudai fidia kwa madhara ya mgomo. MGM wangeinunua kesi hiyo bila kusita.

Sasa pombe, na hapa ndipo filamu ya Marekani inapoingia Naivasha moja kwa moja. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia Januari 1920, na marufuku hayo yalidumu hadi Desemba 1933. Kwa hiyo adui wa Bi Hattie si baa kama tunavyoijua. Ni mangwe iliyovaa suti, kilabu cha pombe ya magendo kinacholindwa na wahuni wenye bastola na kufumbiwa macho na ofisi ya meya. Meya mwenyewe waandishi wa filamu wamempa jina la Tom Collins, kinywaji cha jini na limau. Mtazamaji wa 1931 alielewa bila kuelezwa.

Huku kwetu aliyesimama kuuliza swali la Bi Hattie alikuwa mwanamume. John Mututho, akiwa mbunge wa Naivasha, aliwasilisha mswada uliokuja kuwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo kila mnywaji wa Kenya anaijua kwa jina moja tu: sheria ya Mututho. Baa zilitakiwa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, na kufungwa saa tano usiku. Watu waliokuwa wakianza chupa ya kwanza asubuhi walijikuta wakitazama saa kama wanafunzi wanaosubiri kengele. Jambo linalosahaulika ni kwamba sheria hiyohiyo iliifuta ile ya 1980 iliyoharamisha chang'aa. Aliyetaka kuitengeneza alitakiwa kuitengeneza kwa viwango, kwenye chupa, yenye lebo. Mututho alibanwa na watu wa baa kwa sababu ya saa, huku mlango mwingine akiwa ameufungua nusu.

Kisha kutoka Naivasha hiyohiyo akaenda Seneti mwenye kiwanda cha bia. Tabitha Karanja na mumewe walianzisha Keroche mwaka 1997, wakaanza na mvinyo wa bei nafuu, na mwaka 2008 wakatoa Summit, bia iliyoingia sokoni kulikabili jitu la Ruaraka, kampuni kubwa ya bia nchini. Sisemi hili kwa kejeli. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa Hollywood aligawa mji wake kwa mstari ulionyooka, wanawake upande wa maji na wanaume upande wa chupa, na mstari huo ukiuleta Nakuru unapinda palepale. Mama wa Bonde la Ufa amekuwa pande zote mbili siku zote. Katika mashamba ya wazungu, wake wa maskwota walipika pombe ili wapate senti ambazo mshahara wa shamba haukuzitoa. Katika mitaa ya Nakuru, busaa na chang'aa zimewalipia watoto wengi karo, na aliyekuwa akikimbia polisi usiku na pipa lake mara nyingi alikuwa mama mwenye watoto watano. Jirani yake, mama mwenye watoto watano vilevile, ndiye aliyekwenda kwa chifu kulalamika kwamba mumewe analala mtaroni. Hawa wawili wanasali kanisa moja na wako chama kimoja cha kuweka akiba. Bi Hattie angewaombaje kura wote wawili katika mkutano mmoja? Hilo swali filamu haikujiuliza, na ndilo swali la kwanza ambalo mpambe wa siasa wa hapa angemuuliza.

Ukweli wa Marekani yenyewe, kwa bahati, ulikuwa na ucheshi kuliko filamu. Mwaka 1887, katika kijiji cha Argonia jimboni Kansas, kundi la wanaume waliochoshwa na akina mama wa kupinga pombe liliamua kuwakomesha. Waliliweka jina la mmoja wao, Susanna Salter, kwenye karatasi ya kura ya umeya bila yeye kujua, wakitarajia apate kura chache za aibu. Siku ya uchaguzi, chama kimoja cha siasa kikagundua njama na kutuma wajumbe nyumbani kwake. Walimkuta akifua nguo. Wakamuuliza: ukichaguliwa utakubali? Akasema atakubali. Alipata kura nyingi kuliko wote, akawa meya wa kwanza mwanamke Marekani akiwa na miaka 27, akafanya kazi yake mwaka mmoja kwa mshahara wa dola 1. Mtoto mmoja alimzaa akiwa madarakani, na kwa masikitiko mtoto huyo hakuishi.

Zipo habari nyingine za kweli za namna hiyo. Jiji la Seattle lilimchagua Bertha Landes mwaka 1926, akapambana na wauza magendo na polisi waliokula nao, na miaka miwili baadaye wapiga kura wakamtoa. Sisi tulikuwa na Grace Onyango, aliyeshika umeya wa Kisumu mwaka 1965 na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni Kenya, na Margaret Kenyatta aliyevaa mkufu wa Nairobi kuanzia 1970. Ila tofauti moja inafaa ikumbukwe. Bi Hattie anachaguliwa na watu. Meya wa Kenya, mpaka halmashauri za miji zilipovunjwa na kaunti kuanza mwaka 2013, alichaguliwa na madiwani wenzake. Kinyang'anyiro kilikuwa cha watu wachache, na kisa cha madiwani kusombwa na kufungiwa hotelini wasije wakanunuliwa na upande wa pili kabla ya kupiga kura kilijulikana nchi nzima. Walikula, wakanywa, wakarudishwa siku ya uchaguzi wakiwa wamenenepa. Hapo ndipo palikuwa na filamu yetu ya siasa za mitaa, na hakuna aliyeipiga.

Kwa nini hakuna? Jibu linaanzia mbali. Mwaka 1931 Nakuru ulikuwa mji wa reli na wa walowezi. Lord Delamere, mfalme wa walowezi asiyevaa taji, alifariki Novemba mwaka huo; shamba lake la Soysambu lilikuwa kando ya Ziwa Elmenteita. Wanawake wa kizungu wa Kenya walikuwa na haki ya kura tangu 1919. Mwafrika, mume kwa mke, alisubiri hadi Machi 1957, na hata wakati huo kwa masharti ya elimu na mali. Kiti cha Bonde la Ufa kikachukuliwa na mwalimu Daniel arap Moi. Filamu nazo zilikuwa na mipaka yake. Sheria ya maonyesho ya jukwaani na sinema ilikuwapo tangu 1912, na wachujaji waliangalia nani ataitazama picha: iliyomfaa Mzungu haikuwa lazima imfae Mwafrika. Walihofia heshima ya mtawala. Mtu aliyeambiwa kila siku kwamba watawala wake hawakosei, utamwonyeshaje meya wa kizungu aliyefugwa na wahuni na kutimuliwa na mama mjane? Filamu kama Politics ilikuwa na sababu zote za kuzuiwa isifike macho ya mpishi wa memsahib wa Njoro.

Badala yake Mwafrika alipewa somo. Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka kambi Vugiri, milima ya Usambara, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Walitengeneza filamu 35. Sauti haikuwa kwenye utepe wa picha. Iliwekwa kwenye sahani za santuri, zikachezwa sambamba, ili picha ileile izungumze Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kati ya filamu hizo kulikuwa na moja iliyoitwa The Chief na nyingine Tax. Chifu na kodi! Mada mbili ambazo kila boma la Bonde la Ufa lilikuwa nazo utani wake, uliosemwa kwa sauti ya chini. Lakini zilikuja kama mafunzo: raia mwema hulipa, mtawala mwema husikiliza. Leo zinajulikana kubaki tatu tu kati ya zote 35, na hizo mbili hazimo. Serikali za Afrika Mashariki zilikataa kuubeba mradi, ukafa. Kilichokufa nao, kwa maoni yangu, ni nafasi ya mapema ya watu wetu kusikia kichekesho cha siasa kwa Kiswahili kwenye pazia. Gari la sinema lilirudi wakati wa vita na baada yake, lakini nalo lilikuja na sabuni, mbolea na utiifu.

Vichekesho vyenyewe havikusubiri pazia. Kihika Kimani, baba yake Gavana Susan Kihika, alikuwa sinema kamili. Hakuwa msomi, alikuwa na wake kadhaa, alijua kuchekesha umati mpaka ukasahau uliitwa kwa ajili gani. Aliongoza Ngwataniro, kampuni iliyokusanya hisa za watu wadogo ikanunua mashamba ya walowezi, na mwaka 1974 akaingia bungeni kutoka Nakuru Kaskazini. Mkutano ulioanzisha kampeni ya kubadilisha Katiba ili makamu wa rais asirithi kiti moja kwa moja ulifanyika Nakuru, Septemba 26, 1976, naye alikuwa katikati. Aliyelengwa alikuwa Moi. Moi akarithi kiti mwaka 1978 hata hivyo, na kicheko cha akina Kihika kikakatika. Mzee alifariki mwaka 2004. Bintiye, wakili aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka Texas, alianza kama spika wa bunge la kaunti mwaka 2013, akaenda Seneti 2017, kisha ugavana.

Nakuru inacheka siasa kwa tahadhari, na ina sababu. Ghasia za kisiasa zilifika Molo mwaka 1992, na Nakuru na Naivasha Januari 2008: watu waliuawa, nyumba zikachomwa, familia zikalala Uwanja wa Maonyesho miezi mingi. Katika filamu wahuni wanakuja na bastola na mwishowe kila mtu anarudi nyumbani. Aliyeishi Naivasha wiki ile hawezi kuitazama sehemu ya bastola kama mtu wa Ohio.

Kasoro kubwa ya Politics, hata hivyo, ni mahali inapokomea. Mchumba wa bintiye Hattie anagundulika kuwa na uhusiano na genge, kashfa inalipuka, kijana anasema ukweli, mama anashinda. Shangwe, mwisho. Filamu imetumia zaidi ya saa nzima kutuambia mwanamke anaweza kushinda, kisha haikumpa hata dakika moja ofisini. Waandishi walikuwa na ucheshi wa mapishi na wa chumba cha kulala. Wa bajeti hawakuwa nao. Labda pia hawakuweza kumwona pale.

Nakuru imekuwa ikiishi sehemu hiyo ya pili isiyopigwa picha. Mji ulipewa hati ya jiji Desemba 1, 2021, na pamoja na hati ukabaki na jaa la Gioto linaloelemea upande wa London, na ziwa lililofura likala mashamba na nyumba za Barut na Mwariki. Mapema 2025 wakazi waliuliza gavana yuko wapi. Akajibu kwamba yuko likizo ya uzazi, na madaktari wamemshauri asisafiri. Redio zilijaa wapigaji simu. Wengine walitetea, wengine walitaka kujua sheria inasemaje juu ya gavana anayejifungua, na sheria haikuwa imemfikiria. Bi Salter wa Argonia angeufuata mjadala ule neno kwa neno.

MGM haikurudi tena kwa Meya Hattie. Mwaka 1932 iliwapa Dressler na Moran kichekesho kingine kuhusu benki, na Julai 1934 Dressler akafariki. Kama ningepewa kamera na pesa, mwendelezo wake ningeupiga hapa. Kwa Katiba ya 2010, leseni za vileo ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo siku ya kwanza, saa mbili asubuhi, mjane aliyeshinda kwa kupiga vita pombe anakalishwa mezani na karani anamwekea rundo la leseni za baa azipitie, pamoja na hesabu ya mapato yatakayopungua asipozipitisha. Nje kuna foleni: chama cha wenye baa, akina mama wa busaa wenye barua ya kuomba masharti yapunguzwe, akina mama wa kanisa wenye barua ya kuomba yaongezwe. Na mbele yao wote, bila miadi, shoga yake Ivy, aliyekuja kuuliza mumewe atapewa kazi gani.